Ufa wa milimita 10 kwenye chasisi: mizunguko 27,000 au 860,000?

Swali, nimelifupisha kidogo: "Habari mkuu. Mimi ni injinia mdogo kwenye karakana ya malori hapa Dar. Tuna semitrela linapiga ruti ya Lubumbashi, tumekuta ufa kwenye flenji ya chini ya chasisi, umeanzia pembeni kabisa pale ilipochomelewa breketi ya spea taya, urefu mm 10. Flenji ina upana mm 140 na unene mm 12, chuma cha kawaida. Nimekadiria stresi inapanda na kushuka kwa MPa 60, mizunguko kama 10 kwa kilomita. Nikatumia fomula ya Paris (ya kukadiria mwendo wa ufa), C ni 6.9 × 10⁻¹², m ni 3, Y ni 1.12, ukomo wa ufa nikaweka mm 40, nikapata mizunguko 27,000, yaani kilomita 2,700, maana yake kwenda linafika ila kurudi halirudi. Mwenzangu kwa data hizohizo kapata 860,000. Bosi anataka jibu moja, trela liondoke au lisiondoke. Nani yuko sahihi?"

Poa mkuu. Nianze na la bosi ili asisubiri: lisiondoke hivyohivyo. Ila sababu sio hiyo 27,000 yako, maana hiyo namba haipo kabisa, kwenye kukokotoa mwenzako ndo yuko sawa. Shida ni kwamba na yake pia usiiamini kwa kuendeshea gari, nitakuonyesha kwanini.

Tuanze na ya kwako. Chukua 860,000 gawa kwa 27,000, unapata kama 32, na ukiweka desimali zote bila kukadiria inatoka 31.6. Hiyo 31.6 ni kipeuo cha pili cha 1000. Ukishaiona hiyo namba kwenye kazi za nyufa usitafute mchawi, kuna mtu kaweka milimita mahali pa mita. Fomula ya Paris inasema mwendo wa ufa kwa kila mzunguko, yaani stresi ikipanda na kushuka mara moja, ni C zidisha na ΔK kipeo cha m: C na m ni namba za chuma, ΔK ni ukubwa wa kupanda na kushuka kwa K, kipimo cha makali ya stresi kwenye ncha ya ufa. C ya 6.9 × 10⁻¹² imepimwa kwa mita kwa mzunguko, na ΔK yake iko kwenye MPa√m. Wewe kwenye fomula ya mwisho ukaweka 10 na 40 badala ya 0.010 na 0.040, na kwa vile urefu wa ufa unakaa ndani ya kipeuo, kosa halikutoka mara 1000 ambayo ungeishtukia papo hapo, limetoka mara 31.6 na likakupa namba inayofanana na ukweli. Hilo ndo baya lake. Vitabu vingine vinatoa C ya milimita na ΔK ya N/mm√mm, vingine vinachanganya, kwahiyo kabla hujashika kalkuleta andika yuniti za C pembeni ya karatasi kwanza.

Tufanye taratibu. ΔK ni Y × Δσ × √(πa), Y ni namba ya umbo la ufa na bamba, Δσ ni ile MPa 60 yako, a ni urefu wa ufa kwa mita. Kwa ufa wa mm 10 ni 1.12 × 60 × √(3.14 × 0.010), inakuja MPa√m 11.9. Iinue kipeo cha tatu zidisha na C, unapata kama 1.17 × 10⁻⁸ ya mita kwa kila mzunguko. Hapo simama kidogo uitazame hiyo namba kabla ya kuendelea, maana wengi wanairuka wanakimbilia intigrali. Ni kwamba leo hii ufa wako unatembea milimita moja kwa kila mizunguko kama 86,000. Kwa mizunguko 10 kwa kilomita ni milimita moja kila kilomita 8,600. Hiyo unaweza kuilinganisha na kitu halisi: ungekuwa na picha ya ufa huo ya safari mbili nyuma, ungejua ndani ya dakika moja kama makadirio yako yanaendana na chuma chako au la. 27,000 yako ilikuwa inasema ufa unakula milimita 1 kila kilomita 270, yaani ungefungua karakana kila wiki ukauona umekua kwa macho.

Intigrali yenyewe kwa m ya 3 na Y isiyobadilika inakuwa rahisi tu: N ni 2 gawa kwa C(YΔσ)³π^1.5, zidisha na tofauti ya 1/√a ya mwanzo na 1/√a ya mwisho. Sehemu ya mbele inatoka kama 171,500. Kwa mm 10, 1/√0.010 ni 10. Kwa mm 40 ni 5. Tofauti 5, N ni 858,000. Mwenzako kafaulu.

Sasa cheza nayo kidogo uone kitu, maana mafunzo yote ya somo hili yamo kwenye hizo 1/√a mbili. Bosi akikwambia mbona umeweka ukomo mm 40, flenji ina 140, weka 60 bwana. Haya, 1/√0.060 ni 4.08, umeongeza 0.92 tu, yaani mizunguko 157,000. Umeongeza ufa kwa nusu yake na maisha yameongezeka chini ya moja ya tano, alafu humo kwenye hiyo milimita 20 ya mwisho ndo kuna uwezekano wa kubaki na trela vipande viwili pale Kitonga. Ukomo wa mm 40 mimi nimeukubali kwa sababu nyingine pia: ukichukua kwamba chuma chako kinavumilia K ya MPa√m 60 tu, ambayo ni makadirio ya kujihami kwa bamba ambalo huna cheti chake, na stresi ya juu kabisa gari likiangukia shimo ikafika MPa 150, ufa unaoweza kuachia ghafla unatoka kama mm 40. Kwahiyo hapo hujapishana na mtu.

Ila geukia upande wa pili. Ufa ungekuwa mm 1 badala ya 10, 1/√a ni 31.6. Kutoka mm 1 hadi mm 10 inatumika mizunguko milioni 3.7, na kutoka 10 hadi 40 ni hiyo laki nane na ushee. Unaona, ufa ulipokuwa mdogo hauonekani chini ya rangi na vumbi la Tunduma, ndo trela lilikuwa linakula sehemu kubwa ya maisha yake. Wewe umeukuta mwishoni. Watu wanadhani ukomo ndo unaamua maisha, kumbe ni mwanzo, na mwanzo ndo kitu ambacho hujui vizuri.

Na hapo nikuulize, hiyo mm 10 umeipimaje? Kama ni kwa rula juu ya rangi iliyopasuka, hiyo ni mahali ufa ulipoamua kuonekana, ncha yenyewe mara nyingi iko mbele zaidi. Toa rangi kwa brashi ya waya au kemikali, usitumie grenda kabla ya kupima maana grenda inasukuma chuma juu ya ufa na kuuziba mdomo. Puliza ile dawa nyekundu ya kupenya, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, futa, puliza nyeupe juu, uone wekundu unaishia wapi. Angalia na upande wa chini wa flenji, na angalia kama umeshapita unene wote. Ikitokea ncha iko mm 14, sio 10, hiyo laki nane na nusu inakuwa laki tano na elfu tisini. Milimita nne tu, theluthi ya maisha imeondoka.

Haya, sasa kwanini siiamini 858,000 hata kama hesabu yake ni safi.

Y kwanza. 1.12 ni ya ufa mfupi pembeni ya bamba pana. Ufa ukishakula robo ya upana wa flenji hiyo namba haikai 1.12, inapanda. Kwa bamba la mm 140 lenye ufa wa pembeni, Y inaanza 1.15 kwenye mm 10 na inafika 1.6 kwenye mm 40. Flenji yako imeshikwa na ule ukuta wa katikati wa boriti kwahiyo kwako haitapanda kiasi hicho chote, lakini kwa kujihami chukua ya bamba. Hapo huwezi tena kutumia ile fomula ya mstari mmoja, fungua Excel, gawa safari ya ufa vipande vya mm 1, kila kipande tafuta Y yake, ΔK yake, mwendo wake, jumlisha. Nimeifanya, inatoka kama 620,000.

Ya pili ni C. Hiyo 6.9 × 10⁻¹² ni namba maarufu ya chuma cha kawaida cha feraiti na pelaiti, ipo kila kitabu, na ni nzuri kwa bamba safi. Ufa wako umetokea kwenye weldi. Weldi ikipoa inabaki imejivuta, kuna stresi iliyolala humo ndani hata trela likiwa tupu limepaki, inaweza kukaribia kikomo cha chuma kunyooka. Matokeo yake mdomo wa ufa haufungi vizuri hata pale mzigo unapopungua, kwahiyo kupanda na kushuka kote kwa stresi kunaingia kwenye ncha, hakuna punguzo. Kwa kazi za weldi kiwango cha Uingereza cha BS 7910 kina sheria rahisi ya m ileile ya 3 lakini C yake ukiibadilisha kwenda mita na MPa√m inakuwa 1.65 × 10⁻¹¹. Hiyo ni mara 2.4 ya ile yako. 620,000 gawa kwa 2.4, tumebaki na 259,000 hivi.

Ya tatu ndo kubwa, stresi. Kwa sababu inaingia kwenye kipeo cha tatu, kosa la asilimia 25 kwenye Δσ sio kosa la asilimia 25 kwenye maisha, 1.25 mara tatu yenyewe ni 1.95, umekata maisha nusu. Na asilimia 25 sio mbali. Sheria ya Afrika Mashariki inasema gari zima lisivuke tani 56, sawa, gari linaweza kupita mizani ya Vigwaza bila tatizo na bado mzigo ukawa umerundikwa katikati ya trela, hasa shaba, ile ni mizigo mizito na midogo, bandali chache tu zinamaliza tani zote huku sakafu ikionekana tupu, na dereva au wapakiaji wakiziweka vibaya flenji yako inapata stresi ambayo karatasi ya mizani haiioni. Weka hiyo asilimia 25 kwenye hesabu, 259,000 inakuwa 133,000.

Hebu tazama tulipofika. Ufa uleule, flenji ileile, fomula ileile, hakuna aliyekosea hesabu, na tumetoka 858,000 hadi 133,000. Kwa kilomita ni kutoka 86,000 hadi 13,000. Kwa ruti yako ya kama kilomita 2,000 kwenda na zilezile kurudi, tena kurudi limejaa, ni tofauti ya safari 21 na safari 3. Ukizingatia kwamba hata maabara wakipima vipande vya chuma kimoja matokeo yanatofautiana mara mbili kirahisi, hizo safari tatu unazigawa tena, unabaki na moja na kitu. Sasa nani ataenda kumwambia bosi trela lina safari moja na kitu?

Na hiyo "mizunguko 10 ya MPa 60 kwa kilomita", sijui umeitoa wapi lakini nahisi umechukua wastani. Usichukue wastani wa kawaida. Tuseme kwenye kila kilomita kuna pigo moja la MPa 110, tuta au shimo, na mengine tisa madogo ya MPa 44. Wastani wa kawaida ni 51. Ila ufa hauhesabu hivyo, unahesabu kwa kipeo cha tatu: 110 kipeo cha tatu ni 1,331,000, na 44 kipeo cha tatu mara tisa ni kama 767,000. Jumlisha, gawa kwa 10, tafuta kipeuo cha tatu, unapata 59. Kwahiyo bahati yako 60 ingeweza kuwa sawa, lakini ungetumia 51 ungejiongezea maisha kwa asilimia 60 ambayo hayapo. Na ona pigo moja kubwa limefanya kazi kuliko yale tisa yote kwa pamoja. Ndo maana mimi dereva anayepunguza mwendo kwenye matuta ya Mikumi namhesabu kama sehemu ya matengenezo, yule anayeyaruka kwa sabini anakula flenji na wewe huna mahali pa kumwandikia.

Kama karakana yenu inaweza, bandika streni geji mbili (vibandiko vya kupima chuma kinavyovutika, ndo unapata stresi) kwenye flenji ya chini, sentimita 30 au 40 kutoka kwenye breketi ili usipime ule mvurugano wa karibu na weldi, weka rekoda ndogo, lipeleke trela lenye mzigo hadi Morogoro na kurudi. Trela jingine lisilo na ufa, la aina hiyohiyo, sio hili. Data utakayopata unaipitisha kwenye njia ya kuhesabu inayoitwa reinflo, kuna programu za bure, inakupa mapigo mangapi ya ukubwa gani. Hiyo siku moja ya kupima inakusaidia kuliko mwezi mzima wa kubishana Y ni 1.12 au 1.15.

Kuna kitu kimoja kinachochanganya watu kuhusu mapigo madogo. Kuna kizingiti, ΔK ikiwa chini yake ufa hauendi kabisa, kwa weldi BS 7910 inaweka MPa√m 2. Ufa ulipokuwa mm 1, pigo lolote chini ya MPa 32 hivi lilikuwa halina kazi. Sasa uko mm 10, chochote kinachozidi MPa 10 kinausogeza. Yaani barabara nzuri ya lami ambayo mwaka jana ilikuwa haina madhara, mwaka huu nayo inachangia. Kwahiyo ukisikia mtu anasema "mbona linatembea na huo ufa muda mrefu tu", mjibu kwamba huo muda mrefu ulikuwa wa ufa mwingine, mdogo.

Uliuliza pia kwa pembeni kama ungetumia mchoro wa S-N (stresi dhidi ya idadi ya mizunguko) na kanuni ya Miner (ya kujumlisha uharibifu wa mapigo ya ukubwa tofauti) badala ya Paris. Hiyo ni ya kusanifu, wakati trela halijaota ufa, inakwambia weldi ya aina fulani chini ya stresi fulani itadumu mizunguko mingapi. Wewe umeshavuka hapo, ufa upo, unaonekana. S-N haina hata mahali pa kuandika "mm 10". Iweke kabatini.

Na kabla hatujafika kwenye ile breketi, historia kidogo tu kwa sababu inahusiana na bosi wako. Paul Paris alipoandika wazo lake kwamba mwendo wa ufa unafuata ΔK, majarida makubwa yaliikataa karatasi hiyo, ikabidi yeye na wenzake Gomez na Anderson waitoe 1961 kwenye jarida la Chuo Kikuu cha Washington. Ile fomula yenyewe unayoitumia ni ya 1963, aliiandika na mwenzake Erdogan. Kilichofanya watu waichukue kwa uzito sio uzuri wake, ni ndege. Desemba 1969 F-111 ya jeshi la Marekani iliachia bawa ikiwa na saa mia moja na kidogo tu za kuruka, kwa sababu ya ufa uliokuwemo kwenye chuma tangu kiwandani. Hapo jeshi la anga likabadilisha fikra, kufika 1974 sharti likawa kwamba unachukulia ufa upo siku ya kwanza, hata kama hujauona, na kwenye matobo ya bolti waliweka inchi 0.05, milimita 1.27. Alafu Paris anatumika kujibu swali moja: kuanzia ufa ambao mkaguzi anaweza kuuona hadi ufa wa kuua, kuna muda gani? Na ukaguzi unawekwa kwenye nusu ya muda huo, ili ukikosa mara ya kwanza uwe na nafasi ya pili. Hakuna anayetumia fomula hii kuruhusu ndege iruke na ufa unaojulikana hadi siku ya mwisho iliyotoka kwenye kalkuleta. Bosi wako anaiulizia swali ambalo haikutengenezwa kulijibu.

Sasa breketi. Mkuu nani alichomelea breketi ya spea taya kwenye flenji ya chini, tena pembeni? Hapo ndo mahali penye stresi kubwa kuliko zote kwenye boriti nzima, na pembeni ya flenji ndo pabaya kuliko katikati. Mzigo wa spea taya ni kitu kidogo, ila breketi haikuua kwa uzito wake, imeua kwa ncha ya weldi yake. Tarehe 27 Machi 1980 kwenye Bahari ya Kaskazini upande wa Norwe jukwaa la Alexander Kielland lilipinduka, watu 123 wakafa, na ukifuatilia mwanzo wake unakuta kishikio cha kifaa cha kusikilizia sauti majini, kimechomelewa kwenye nguzo ya kuunganisha kwa weldi ya mm 6. Kishikio hakikuwa kinabeba chochote cha maana. Ufa ukaanzia kwenye weldi hiyo, nguzo ikakatika, zilizobaki zikazidiwa, mguu mmoja ukatoka. Nakutajia hii ili mkishaziba ufa breketi isirudi palepale.

Matengenezo. Najua kitakachotokea nikinyamaza, fundi atapitisha weldi juu ya ufa, atapiga rangi, safari. Flenji ni mm 12, weldi ya juujuu ikiingia sana ni mm 4, kwahiyo umefunika, hujaziba, chini kuna ufa wa mm 8 umebaki na juu yake umeweka weldi mpya yenye stresi mpya. Bora usingefanya kitu. Fanyeni hivi: trela liwe tupu na lijekiwe ili flenji ya chini isiwe imevutwa. Tafuta ncha kwa dawa, toboa tobo mbele kidogo ya ncha ili ufa ukiwa unafunguliwa usikimbie. Fungua ufa wote kwa grenda mpaka dawa ya wekundu ikionyesha hakuna kitu, hiyo hatua ya kupuliza dawa mara ya pili ndo inayorukwa kila siku. Breketi ikatwe itoke yote. Andaa pembe ya V, pasha moto kidogo, tumia elektrodi za 7018 zilizotoka kwenye oveni, sio zilizokaa kwenye boksi wazi tangu mvua za masika, choma hadi upenye chini kote, pembeni ya flenji weka vibati vya kuanzia na kumalizia weldi alafu uvikate. Mwisho saga weldi iwe sawa na flenji, usage kwa kufuata urefu wa boriti, usisage kukatisha, maana mikwaruzo ya grenda inayokatisha flenji ni nyufa ndogo umezichora mwenyewe. Usibandike kipande cha kuimarisha chenye weldi inayokatisha flenji kwenye miisho yake, utakuwa umehamisha ufa kwa sentimita 20 tu.

Kuna watu watakushauri kubadilisha hicho kipande kwa chuma cha nguvu zaidi. Haisaidii. Mwendo wa ufa kwenye vyuma vya kawaida na vya nguvu unakaribiana sana, ile C haijali umelipia chuma gani, na kwenye weldi ndo kabisa. Chuma kigumu kinakupa nafasi ya kubeba zaidi, ukibeba zaidi Δσ inapanda, na hapo tumeshaona kipeo cha tatu kinafanya nini. Breketi mpya ifungeni kwa bolti kwenye ukuta wa katikati, karibu na nusu ya kimo cha boriti ambapo stresi ya kupinda inakaribia sifuri.

Baada ya hapo ndo Paris anaanza kazi yake halali. Chukulia mkaguzi wenu, kwa dawa na taa nzuri, anaweza kuona ufa wa mm 5 pembeni ya flenji bila kukosa. Kutoka mm 5 hadi 40, kwa C ya weldi, Y inayopanda na ile asilimia 25 ya mzigo, inatoka kama mizunguko 279,000, yaani kilomita 28,000. Nusu yake 14,000. Kwa ruti yenu ni kila safari tatu, anaposhusha mzigo Dar, dakika ishirini za dawa kwenye sehemu hiyo. Mkipata zile data za streni geji badilisheni namba, inaweza kuwa kila safari tano, inaweza kuwa kila mbili.

Na breketi ya spea taya ina miguu miwili, sijaona mahali ulipoandika kwamba mmeangalia flenji ya boriti ya upande wa pili.